Punje za Mbale

Kwenye ofisi ndogo ya mizigo kule Mpumudde, Jinja, Nabirye alimwaga mahindi mezani. Hakuwa na njaa. Tajiri wake, mzee Umar, ambaye wote walimwita Afande ingawa gwanda alilivua zamani, alitaka kujua lori lao linapotelea wapi njiani. Unga wao ulikuwa ukifika Bungoma, Kenya, wakati wateja wameshanunua kwa wengine.

Basi Nabirye akachora barabara kwa chaki: Jinja, Mbale, mpaka wa Lwakhakha, Bungoma. Kila saa ambayo lori lilisimama katika safari zote za mwaka ule, akaiwekea punje. Vilima viwili vikainuka. Kikubwa kilikuwa mpakani, cha pili Mbale.

Afande akakikodolea macho cha Mbale. "Mpakani ni serikali, mimi sigombani nayo. Lakini huyu Magid anafanya nini Mbale? Ameoa tena?" Akaapa kwamba dereva akisimama huko tena, atafute usukani kwingine.

Nabirye alimpenda Magid kama kaka. Akaomba kupanda lori safari iliyofuata, aone mwenyewe.

Walipofika Mbale, chini ya mlima Wanale, Magid alipiga honi. Huko juu, moshi ukaanza kupenya kwenye paa la jiko. Mama yake hakuwa akiona tena, na saa yake ilikuwa honi ile. Akiisikia tu, anateleka malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na kuyapika taratibu kwenye mchuzi wa karanga. Malewa hayaivi kwa kubembelezwa. Walipopanda kwake, Magid akachota maji, akapasua kuni, kisha akaketi kumkata mama kucha. Mama naye akaupapasa mkono wa Nabirye, akauliza kama huko kwao Busoga wanakula au wanatazamana tu.

Waliporudi barabarani Magid aliwasha lori.

"Dada, Afande mwambie ukweli, sikukatazi," akasema. "Lakini mimi siwezi kupita pale kimya. Mama asiposikia honi, atajua nimekufa."

Lwakhakha, Magid alichomoa karatasi za mzigo chini ya kiti, akampa Brendah, wakala wao wa forodha. Hapo ndipo Brendah alipoanza kuziingiza kwenye kompyuta, na hapo ndipo kungoja kulipoanza. Nabirye akabaki ameduwaa. Kumbe kile kilima kikubwa hakikuwa cha serikali peke yake! Karatasi zilikuwa zikisafiri ndani ya lori kama abiria, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini zisitangulie.

Aliporudi Jinja akamweleza Afande habari za mama, honi na malewa, kisha akapendekeza: lori likianza tu kupakiwa, karatasi zipigwe picha, atumiwe Brendah. "Kungoja kupo tu, Afande. Ila Magid angoje kwa mama yake, asingoje kwenye vumbi la mpakani."

Afande alikuna kidevu. Picha za simu hakuziamini. Jeshini karatasi ilibebwa mkononi. Mwishowe akakubali safari moja, ya kujaribu.

Siku hiyo Nabirye alishinda na simu mkononi, Afande kando yake. Brendah akapiga mapema kuliko walivyotegemea: karatasi zimepita, lori lije. Nabirye akampigia Magid haraka, na nyuma ya sauti ya Magid akasikia mwiko ukigonga chungu.

Afande akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Magid, uko wapi?"

"Kwa mama, Afande. Natoka sasa hivi."

Afande akaitazama meza. Kilima cha mpakani kilikuwa bado mezani, lakini njiani hakikuwapo tena. Hata lori likichelewa kidogo, unga ungefika Bungoma kabla soko halijachangamka.

"Hayo malewa yameiva?"

"Bado kidogo, Afande."

"Basi yaive. Na umsalimie mama."

Akamrudishia Nabirye simu bila kumtazama. Kisha akazikomba punje zilizozidi mpakani, akatoka nazo mlangoni, akawatupia kuku. Zile za Mbale hakuzigusa.