Mama Sabuni na Vitambaa vya Kioo

Mama Sabuni hakuzaliwa na jina hilo, alilipata kwa jasho. Miaka kumi na miwili alifua mashuka ya hospitali, na waliomjua huko watakwambia kwamba shuka lililopita mikononi mwake hata mgonjwa aliona haya kulilalia. Doa la damu, doa la dawa, doa ambalo hata daktari hakujua limetoka wapi, yeye alipambana nalo mpaka likasalimu amri. Halafu hospitali ikanunua mashine, na mama wa watu akaambiwa asante sana, nenda salama.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyemwokoa. Alikuwa fundi mkuu kwenye karakana ya ngazi. Alimfuata bosi wake, akambembeleza wiki nzima. "Dada yangu hajui kuiba, na kukaa bure hajui," alimwambia. "Mpe stoo." Bosi akampa. Sasa ni mwaka wa sita, na Mama Sabuni akisali humtaja Kaka kabla ya watoto wake mwenyewe.

Ngazi zenyewe usidhani ni za mbao. Ni za mafundi wa umeme, watu wanaopanda nguzoni, na hao huwezi kuwapa chuma wakanyage. Zinatengenezwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo. Ndiyo, kioo, hiki hiki cha dirishani, ila kimevutwa kikawa chembamba kuliko unywele. Kitambaa kinalazwa kwenye kalibu, chombo chenye umbo la ngazi, kinapakwa gundi nzito ambayo mafundi wanaiita uji, kinalazwa kingine juu yake, uji tena, mpaka tabaka nane. Kikikauka, ni kigumu balaa. Kazi ya Mama Sabuni ilikuwa kupokea majora, kukata vipande vya urefu wa ngazi, na kumkabidhi Kaka kila asubuhi vikiwa vimefungwa mafungu. Kulaza na kupaka ilikuwa kazi ya Kaka, na hapo hakuwa na mpinzani.

Kila toleo la ngazi lilikuwa na mtihani wake. Kaka alikata ufito mmoja kutoka kwenye ngazi moja, ukachemshwa kwenye sufuria saa mbili nzima, maana ngazi itanyeshewa tu, utake usitake. Kisha ufito ulilazwa juu ya matofali mawili na ndoo ikaning'inizwa katikati. Bosi mwenyewe alishika jagi la lita moja, akamimina maji huku anahesabu kwa sauti. Jagi la kumi na sita likiingia na ufito bado mzima, ngazi zinauzwa. Ukivunjika kabla, ngazi zote za toleo hilo zinatupwa nyuma ya karakana. Miaka yote ufito wa Kaka ulibeba mpaka ndoo ikajaa pomoni, bosi akaishia kumwagikiwa maji viatuni.

Basi mwaka huu zikaja mvua kubwa, paa la stoo likavuja, majora mawili yakapata tope. Wewe ungefanya nini? Mama Sabuni hakujiuliza mara mbili. Alivaa glavu, akavikata vipande vyake kama kawaida, akavifua, akavianika juani. Vikatoka vyeupe pe, laini, vinapendeza. Tena akagundua jambo: hata vile ambavyo havikuguswa na tope vilikuwa na utelezi fulani, kama mtu amevishika kwa mikono yenye mafuta. Uchafu wa kiwandani huo! Aliona aibu kwamba miaka sita alikuwa anampa kaka yake vitambaa vichafu, naye mzee wa watu hajawahi kulalamika. Tangu siku hiyo akawa anafua kila fungu. Majora yenyewe aliyavua nailoni yake ili yapate hewa, akayapanga vizuri yakiwa yameegemea ukuta.

Wiki chache baadaye ufito ulivunjika kwenye jagi la kumi na moja.

Kaka alicheka, akasema ni bahati mbaya. Toleo lililofuata ukabeba kumi na nane, watu wakapumua. Lililofuata, kumi. Halafu ndoo ikajaa. Halafu tisa! Jamani, uji ule ule, dawa ya kukaushia ile ile, fundi yule yule, sufuria ile ile. Walibadilisha pipa la uji, wakapata kumi na mawili. Wakarudi kwenye pipa la zamani, wakapata kumi na moja. Kuna siku bosi aliyatukana matofali, ikabidi yaletwe mengine. Nayo hayakusaidia kitu.

Kichwa cha Mama Sabuni kilivurugika kabisa. Alimpigia simu wifi yake, akamuuliza kwa mzunguko kama Kaka amerudia pombe. Wifi akakasirika. "Pombe gani? Anakuja nyumbani saa kumi na mbili, anakaa anaangalia mikono yake kama mtu anayesoma barua." Mama Sabuni akakata simu akiwa amechanganyikiwa zaidi. Kama si pombe, ni nini? Alimchunguza Kaka akipaka, hakuona kosa. Alifikiria uzee, alifikiria macho, kuna asubuhi alifikiria hata jicho la mtu. Jambo moja tu halikumpitia akilini, kwa sababu nani amewahi kuharibu kitu kwa kukisafisha?

"Kitambaa kinanikataa siku hizi, mdogo wangu," Kaka alimwambia siku moja wakinywa chai. "Napaka uji, hakilewi. Kinabaki na weupe weupe. Zamani napitisha rola mara mbili tu, kimeshalewa chakari. Nadhani mikono yangu imekwisha."

"Mikono haiishi kama sabuni, Kaka."

"Yangu imeisha." Alisema hivyo bila kumwangalia, na chai hakuimaliza.

Jumatatu bosi alimwita Kaka mbele ya wote. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. "Fundi, toleo la wiki hii likianguka, itabidi upumzike. Nakuheshimu, lakini watu wanapanda ngazi hizi na roho zao." Kisha akampigia simu muuza vitambaa, huyo akapigiwa kelele kwa niaba ya wote: umeniletea takataka! Muuzaji naye hakukubali. Akaapa atakuja Ijumaa mwenyewe aone kwa macho yake.

Mama Sabuni aliona sasa ni zamu yake kumlipa Kaka wema. Alichagua jora zuri kuliko yote. Vipande vyake akavifua kwa maji ya moto kuliko siku zote, akavisugua kimoja kimoja, akasuuza mpaka maji yakatoka kama ya kunywa. Alipomkabidhi Kaka fungu lile alimwambia, "Leo nimekuwekea cha harusi." Kaka akatabasamu kwa taabu.

Ijumaa ikafika. Muuzaji alikuwa mtu mnene, anayetoka jasho na kuongea kwa pamoja. Ufito ulitolewa kwenye sufuria, ukalazwa, ndoo ikaning'inizwa. Bosi akaanza. Moja. Mbili. Mama Sabuni alikuwa anahesabu kimya kimya pamoja naye, vidole vimekunjwa. Kwenye jagi la nane ufito ukasema kra, ndoo ikaanguka, maji yakasambaa sakafuni.

Kaka alianza kuvua glavu, polepole, kidole kimoja kimoja. Hakumwangalia bosi. Mama Sabuni alitaka kupiga kelele lakini hakujua ampigie nani.

"Hebu nionyesheni kitambaa changu," muuzaji akasema.

Mama Sabuni alikimbia stoo akaleta vipande vilivyobaki. Kwa kweli alivileta kwa majivuno, maana kitambaa cha huyo bwana kilikuwa kimeitwa takataka, basi aone kinavyotunzwa. Muuzaji akachukua kimoja, akakisugua kwa vidole. Akakikunja. Akakinusa.

"Mbona kinanukia maua?"

"Ni sabuni," Mama Sabuni akajibu. "Nakifua mimi. Yale mafuta mafuta ya kiwandani yanatoka yote."

Muuzaji akatafuta mahali pa kukaa, akakalia tofali. Kwa mara ya kwanza jasho lilikuwa linatoka bila maneno. "Mama," akasema hatimaye, "ule si uchafu. Ile ni dawa. Kila uzi unapakwa kiwandani kabla haujafumwa, ili nyuzi zisikwaruzane. Tena kioo na uji havishikani vyenyewe. Dawa ile ndiyo inashika kioo kwa mkono huu na uji kwa mkono huu. Ukiiondoa, vinakaa pamoja kwa kuegemeana tu. Maji yakija yanapenya katikati, kila kimoja kinakwenda njia yake."

Aliomba aone stoo. Alipokuta majora hayana nailoni na yameegemea ukuta unaotoa unyevu, alijishika kichwa. "Haya yakae na nguo zake, jamani! Mahali pakavu, mbali na ukuta. Kitambaa chenye unyevu hata kikiwa na dawa yake kinampa fundi shida."

Mama Sabuni alisikia, lakini maneno yalikuwa yanamfikia kwa kuchelewa. Alianza kuhesabu kwa vidole. Toleo la majagi kumi na nane, alikuwa na homa, hakufua. Lile la ndoo kujaa, bomba lilikatika siku nne, hakufua. Tisa, alifua. Kumi, alifua. Na hili la leo, ambalo alilifua kwa mapenzi yake yote, nane.

"Ni mimi," akasema. Bosi hakuelewa, Mama Sabuni akarudia. "Ni mimi, bosi. Ngazi zote zilizoko nyuma kule ni mimi."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, glavu mkononi.

"Kwa hiyo si mikono yangu?" aliuliza.

Aliuliza tena, safari hii akimwangalia muuzaji, sauti yake imekuwa ya mtoto. Muuzaji akasema, "Mzee, kwa kitambaa hiki hata mimi nashangaa ulivyofikisha nane." Kaka akaziangalia glavu, akazivaa tena, akatoka nje haraka kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

Mama Sabuni alimfuata amwombe msamaha. Alimkuta nyuma ya karakana, katikati ya ngazi zilizotupwa, simu sikioni, anacheka huku anafuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Mke wangu, mikono ni mizima! Mizima kabisa, nakwambia!" Wifi akauliza kitu. Hakujua kwamba dada yake amesimama nyuma yake.

"Aliyekosea?" akasema. "Ah, hakuna mtu. Ilikuwa mvua tu, iliingia stoo."

Mama Sabuni alikaa chini pale pale, akalia mpaka pumzi ikamkwama.