Siku Jua Lilipokataa Kuchafuka

Asifiwe Mwenyezi Mungu, aliyeliwasha jua bila kutuomba ushauri, akanihifadhi hadi nimeota mvi nikiwa na kumbukumbu zangu. Yeye ndiye aijuaye kesho. Sisi tunakisia tu.

Juzi mjukuu wangu, anayepanga chumba mtaa wa Kware, alinionyesha kwenye simu onyo la dhoruba ya jua. Jua hulipuka, akaniambia, na mlipuko huo huvuruga mawasiliano hapa duniani. Akawasha redio yangu ya masafa mafupi tusikie. Ikatoa mvumo mkavu, kama mchele unaomiminwa kwenye sinia, nami nikawa tena msichana wa darasa la tatu pale mtaa wa Ziwani, Nairobi, nikichunga betri.

Ndiyo, betri zilichungwa. Zilipochoka tulizitoa redioni tukazianika juani hadi zikatoa harufu ya chuma na karatasi iliyobabuka, zikapata nguvu za siku mbili tatu. Asiyeziangalia aliibiwa.

Baba alikuwa fundi katika kituo kilichopokea simu za ng'ambo kwa njia ya redio. Kituo kililetewa utabiri wa hali ya jua kila siku, kwa sababu jua likilipuka, mawimbi humezwa angani mchana kweupe na mitambo hubaki ikivuma. Jioni Baba alituletea utabiri huo nyumbani pamoja na mkate. "Kesho jua litachafuka," alikuwa akisema. Jirani yetu Baba Ochieng, mtu wa reli, alimcheka hadi machozi.

"Fundi, jua nalo linashikwa na mafua? Wewe ni Mkristo ama mpiga ramli?"

Lakini mchana mmoja redio za mstari wetu wote wa nyumba zilinyamaza kama Baba alivyosema, na tangu hapo Baba Ochieng mwenyewe ndiye aliyepita milangoni akipiga kelele: "Fundi amesema kesho ni bure! Toeni betri!"

Mwaka ule nyanya yangu, mamake Mama, alikuwa mgonjwa kule Bungoma. Simu hatukuwa nayo. Mtu akifariki, jamaa zake walipeleka jina redioni, na tangazo likasomwa mchana baada ya habari. Aliyelisikia Nairobi alikimbilia basi la usiku. Nyanya alikuwa amemwomba Mama jambo moja tu: kwamba yeye, binti yake wa pekee, ndiye atakayemwosha na kumfunga kitambaa kichwani. Kwa hiyo kila mchana Mama aliacha kazi zote akaketi mbele ya redio, mikono magotini, hadi jina la mwisho lisomwe. Kisha alisema, "Bwana asifiwe," akaenda kutupakulia chakula.

Jioni moja Baba alirudi akasema kesho jua litachafuka vibaya, redio haitashika kitu.

"Kweli, Baba Rhoda?" Mama akauliza.

"Hata ukiibandika sikioni, Mama Rhoda."

Mama akashusha pumzi. "Basi kesho nitapumzika."

Siku ya pili yake, Alhamisi, mstari mzima ulianika betri. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilichunga zetu kando ya karai, nikimsikiliza Mama akifua na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Jua liliwaka tu, kama siku zote. Hakuna aliyewasha redio kujaribu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, tulipotoka kanisani, alikuja nyumbani Mzee Wafula, mtu wa kwao Mama aliyekaa mtaa wa Makongeni. Alitushika mikono mmoja mmoja, polepole.

"Poleni na safari. Mmerudi lini?"

"Safari gani, kaka?"

Mzee Wafula aliweka kikombe chini bila kunywa. "Dada, si ilitangazwa Alhamisi ile? Redio ilisikika wazi. Mamako alizikwa Jumamosi."

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Nani alimfunga kitambaa?" Mzee Wafula hakujua. Baba alisimama mlangoni, Biblia kwapani. Baba Ochieng, aliyekuwa anakuja kumtania kama kawaida, aligeuka akarudi kwake.

Kwa miaka mingi niliamini Baba alitudanganya, na kwamba ukimya uliomshika Mama tangu siku ile ulikuwa hasira juu yake. Baba alipozeeka nilimuuliza.

"Utabiri ulisema 'huenda'," akanijibu. "Kila siku ulisema huenda. Lakini nilimwona mamako anakonda kwa kusikiliza, Rhoda. Huenda haimpumzishi mtu."

Naye Mama hakuwahi kumlaumu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ukimya wake niliuelewa baadaye sana, nilipomuuguza mume wangu, nikajikuta jikoni nikiomba siku moja tu isiyo na habari yoyote. Mama alikuwa ameipata siku hiyo, akaifurahia, na mamake akaoshwa na mikono ya wengine. Aliyeshindwa kumsamehe ni yule mwanamke aliyekuwa akifua na kuimba Alhamisi ile, yaani yeye mwenyewe.

Wewe unayesoma, hasa ikiwa una mgonjwa aliye mbali, Mungu akupe mahali pa kuutua mzigo wako japo kwa saa moja. Na ukishapumzika, akulinde usije ukajichukia kwa kupumzika. Amina.