Wakwe Zetu wa Ng'ambo ya Mpaka

Mwanangu, njoo ukae hapa karibu nami, na hiyo simu iweke chini kidogo. Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sipendi kuikumbuka, lakini kila nikisikia habari kama hizi za bomu la juzi hunirudia yote, pamoja na harufu ya pilau yake. Leo nitakusimulia, kwa sababu nimeisikiliza ile sauti uliyoituma kwenye kundi la familia, ya yule mtu anayefoka kwamba jirani zetu ndio wanaofuga magaidi na kwamba wakija huku wafukuzwe. Sikutaka kukugombeza mbele ya wenzio. Nilinyamaza, nikasema nitakuita.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, shule nimemaliza, sijaolewa. Tulikaa Makorora, mjini Tanga, nyumba ile ile anayokaa mjomba wako sasa. Baba yangu, Mzee Mbwana, alikuwa mfanyabiashara wa machungwa. Aliyanunua mashambani Muheza, akayapakia kwenye lori na kuyapeleka ng'ambo ya mpaka, maana wenzetu wa kule waliyapenda kuliko sisi tuliokwisha kuyazoea. Alikuwa mtu wa watu, baba. Tukienda naye sokoni ilikuwa hatupigi hatua mbili bila mtu kumsimamisha kumsalimia, nami nikitembea ubavuni mwake najiona binti wa sultani.

Dada yangu mkubwa, Mwanasiti, alikuwa amechumbiwa na Bakari, fundi cherehani wa kijiji cha upande wa pili. Usishangae. Sisi Wadigo mpaka umetukuta palepale tulipo, nusu yetu ukaiacha huku na nusu kule. Bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanakombo, alizaliwa Vanga, upande wa kule, na kuolewa Tanga, na maisha yake yote hakuwahi kujiona amehama nchi. Alijiona ameolewa, basi.

Harusi ilipangwa iwe Ijumaa. Siku chache kabla yake, bomu likalipuka sokoni katika mji mmoja mkubwa wa nchi jirani. Walikufa watu waliokuwa wananunua nyanya na viatu vya watoto. Tulisikia redioni wakati wa chakula, na mama yangu akaweka chini tonge alilolishika, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Siku ile ya kwanza, wote tulilia nao.

Siku ya pili mambo yakageuka. Wakubwa wa kule wakasema waliolipua walipita kwetu, kwenye njia za porini za pwani. Wakubwa wa huku wakajibu kwamba tunasingiziwa, na kwamba mwenye nyumba aliyeshindwa kufunga mlango wake asimlaumu jirani. Kule wakazuia malori yetu. Huku nasi tukazuia ya kwao. Lori la baba likakwama Horohoro, pale mpakani, na machungwa yake juani, na dereva akawa anapiga simu kwenye duka la jirani kueleza jinsi maji ya machungwa yanavyochuruzika chini ya lori na nzi walivyojaa.

Baba akabadilika. Jioni alikuwa akikaa na wanaume wenzake mbele ya duka hilo, na kila mmoja ana lake. Mmoja anasema watu wa kule wana dharau. Mwingine anasema magaidi wenyewe ni wao kwa wao. Baba, ambaye nusu ya marafiki zake walikuwa kule, alikuwa ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nyumbani mama akimuuliza habari ya harusi, anajibu, "Hawatakuja hao. Mpaka umefungwa." Hakutuma salamu kuivunja wala kuiahirisha. Alitaka mpaka umsemee.

Na mimi, mwanangu, niliyaamini yale maneno ya dukani. Nilidhani baba anajua.

Ijumaa asubuhi wakaja. Mpaka haukufungwa kwa watu, ulifungwa kwa mizigo. Walikuwa wamelala Horohoro kwenye mikeka baada ya kuhojiwa, wakapanda gari za njiani, wakafika Makorora na vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwepo Bakari, wajomba zake wawili, na mama yake, Bi Mejumaa, mama mnene mwenye sauti nzuri, amejifunga kanga mpya juu ya buibui lililochafuka. Walibeba mabegi na vikapu vya ukindu. Bi Mejumaa akasimama mlangoni, akaita, "Hodi wenyewe!"

Mama yangu alikuwa uani anasimamia masufuria. Mimi nilikuwa chumbani na dada, hina mikononi mwake haijakauka. Baba alikuwa amekaa barazani, hatua chache tu na yule mama. Hakujibu. Bi Mejumaa akaita tena. Halafu akaita mara ya tatu, sauti imeshuka. Dukani wanaume wale wakawa wanatazama, na baba alijua kwamba wanamtazama yeye.

"Shughuli hakuna," akasema baba. "Rudini mlikotoka."

Kabla sijaelewa nilichosikia, gari la askari likasimama. Nani aliyewaita, mpaka leo hatujui. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba wameingia wageni wa kutoka kule, wamebeba mabegi mazito. Mjumbe wa mtaa alikuja nao, na watoto wakajaa, na majirani wakatoka. Askari mmoja kijana akawaamuru wageni wafungue mabegi. Bakari akafungua. Askari akayamwaga yote chini.

Nilikuwa dirishani. Niliona kanga zinamwagika, doti kwa doti. Chupa ya marashi ikavunjika, mtaa mzima ukanukia. Vikatoka viatu vyeupe vya dada, na udi uliofungwa kwenye karatasi. Mwisho kikatoka kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni kwa uzi wa hariri. Askari akakinyanyua.

"Na hiki?"

"Ni kilemba," akasema Bi Mejumaa. "Cha baba wa bibi harusi. Kakishona mwanangu kwa mkono wake."

"Baba wa bibi harusi ni nani?"

Akamwonyesha baba kwa kiganja chote, kwa adabu, kama anamkaribisha yeye.

Askari akageuka. "Mzee, unawajua hawa?"

Baba akatazama dukani, kisha akatazama chini.

"Siwajui," akasema.

Mwanangu, nimesikia maneno mengi mabaya katika umri wangu, na matusi mengine siwezi kukutajia. Sijasikia neno lililoniingia kama lile. Nyuma yangu dada Mwanasiti alikuwa amesikia pia. Hakulia. Alichukua ndimu iliyokuwa kwenye sahani, akaikata kwa meno, akaanza kujisugua hina. Hina haitoki kwa ndimu. Aliisugua tu.

Wageni wakaambiwa wapande gari. Bakari akaomba kwanza aokote vitu, na yule askari kijana, nadhani naye alikuwa ameshaanza kuona haya, akamruhusu. Akapiga magoti mchangani, akawa anakung'uta kanga moja moja na kuikunja vizuri, kama yuko kwenye duka lake. Hakuna mtu aliyemsaidia. Mtaa mzima tulisimama tukitazama.

Hapo ndipo Bi Mwanakombo alipotoka ndani. Alikuwa mzee sana, macho hayaoni vizuri, anatembea kwa kushika ukuta. Akasimama mbele ya baba.

"Mbwana, umesema nini? Sema tena, mimi sikusikia."



Bibi akamwendea askari. Yule kijana akamwamkia, "Shikamoo, bibi. Rudi ndani, jua kali."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nimezaliwa Vanga. Kama kosa lao ni kutoka kule, basi mimi ndiye mkosaji wa zamani kuliko wote. Nipandishe."

"Bibi, wewe hatuna shida nawe."

"Nami ndiyo shida yangu hiyo. Nipandishe."

Akashika ubavu wa gari, mguu wake ukawa unatafuta pa kukanyaga. Mjomba mmoja wa Bakari akamwinua. Akakaa kwenye benchi la gari karibu na Bi Mejumaa, akamshika mkono, na gari likaondoka naye. Baba akabaki barazani. Wale wa dukani wakawa wameingia mmoja mmoja majumbani mwao, eti wanajiandaa kwenda kuswali.

Mama alinituma kituoni nimpelekee bibi dawa yake na maji. Nilimkuta amekaa na Bi Mejumaa kwenye ubao, wanaulizana habari za watu wa Vanga, nani bado yu hai, nani kafa. Nikamwamkia Bi Mejumaa. "Shikamoo." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" kama kwamba hakuna lililotokea. Nilitamani asingenijibu.

Baba alikuja baada ya swala, kanzu imelowa jasho. Akasimama mbele ya meza ya askari.

"Wale watu nawajua," akasema. "Ni wakwe zangu."

"Mbona uliulizwa ukakana?"

Baba akageuza macho pembeni. Nilikuwa nimesimama palepale na kikombe cha maji mkononi. Akaniona kwamba namwona. Nikainamisha macho mimi, mwanangu. Mimi mtoto ndiye niliyeinamisha macho kwa ajili ya baba yangu.

Askari wakawaachia. Nje, bibi hakumpigia baba kelele. Alimwambia taratibu, mbele yetu wote:

"Mbwana, machungwa yako yameoza, nakuelewa. Umedhulumiwa, na una haki ya kukasirika. Lakini yule aliyelipua bomu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kaifanya mwenyewe, kaua watu sokoni. Ya pili alikuwa anatafuta wa kumfanyia, awafarakanishe waliobaki hai. Umemfanyia wewe, mbele ya mlango wangu, tena bure."

Tukarudi nyumbani. Mama akapakua pilau, akamsihi Bi Mejumaa ale. Yule mama akakubali maji tu. Akanywa, akashukuru, akasema, "Kinyongo hatuna. Lakini leo mwanangu haoi. Moyo wake hauko mahali pake." Wakaondoka na mabegi yao. Dada akakaa na hina ya harusi isiyokuwepo mpaka ilipofifia yenyewe, na kila alipotoka kwenda kuteka maji aliificha mikono ndani ya kanga.

Miezi ikapita. Wakubwa wakapatana, tukawaona kwenye televisheni wanashikana mikono na kucheka, na malori yakaanza kupita kama zamani. Wao yakawaishia hapo. Sisi tukabaki na yetu.

Bibi hakumpa baba nafasi ya kupumua mpaka alipofunga safari kwenda kuomba radhi. Tulikwenda wote. Bi Mejumaa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Karibu ndani, yamekwisha," na ndoa ikafungwa kule kule, watu wachache, bila ngoma. Walimpa baba heshima zake zote, akakalishwa mbele, akapewa nyama nzuri. Hakuna hata mmoja aliyetaja lile neno. Baba alikula akitazama sahani. Nadhani wangemtukana angeshiba vizuri zaidi.

Mwanasiti amekaa na Bakari mpaka leo, wana wajukuu. Hilo Mungu alilitengeneza. Lakini kuna jambo halikutengenezeka. Tangu siku ile, nikienda na baba sokoni sikutembea tena ubavuni mwake. Sikupanga kufanya hivyo. Miguu tu ilibaki nyuma. Yeye aliona, hakuniuliza, nami sikumwambia. Miaka ile yote alinisomesha ufundi, akaniozesha, akawapakata wanangu, na lile jambo likawa limekaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga. Tulimzika nalo. Alikuwa baba mwema, mwanangu, na nilimpenda, na nilimwonea haya. Yote matatu ni kweli.

Sasa sikiliza ninalokuambia. Sikukatazi kuipenda nchi yako, wala kusema wakubwa wa kule wamekosea, maana huenda kweli wamekosea. Ninalokukataza ni kuichukua hasira ya wakubwa ukamvalisha mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Mtu akikuletea habari ya bomu, uliza kwanza nani kafa, uwaombee. Sauti ambayo humjui mwenyewe usiipitishe. Ikufikie wewe, ife kwako. Na watu wakikukodolea macho, halafu ukaulizwa kama unamjua jamaa yako, rafiki yako, hata mpangaji mwenzio, sema unamjua, hata sauti ikitetemeka, sema hivyo hivyo. Hasara ya mali baba aliilipa ndani ya msimu mmoja. Ile nyingine hakuilipa. Nawe una binti mdogo, anakutazama usipomtazama. Usimfanye ainamishe macho kwa ajili yako.

Basi, inuka. Mungu akupe ulimi usiomkana mtu wako, akupe moyo unaobaki na akili zake hata ukidhulumiwa. Awarehemu waliokufa juzi, awape subira waliowazika, wa kule na wa huku. Na wewe, nyumba yako iwe na wageni, na watoto wako watembee ubavuni mwako mpaka uzee wako. Amina.