Heshima Kwenye Mteremko wa Manga

Jumatatu asubuhi, nikiteremka kutoka Manga kwa bodaboda, mbele yetu kulikuwa na nyingine iliyombeba mama mmoja na mikungu miwili ya ndizi. Ndizi zilifungwa nyuma, na mama, ili asimguse mwendeshaji, alikuwa ameziegemea. Uzito ulipozidi nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi, na usukani ukaanza kutikisika kushoto na kulia.

"Funga breki!" mama akapiga kelele.

"Nikifunga tutaanguka! Songa mbele, mama, unishike!"

"Nikushike? Mimi ni mke wa mzee wa kanisa!"

"Basi huyo mzee atakuzika!"

Kwanza mwendeshaji alipunguza mafuta polepole. Kisha akabana tangi kwa magoti. Mwisho akalegeza mikono badala ya kupigana na usukani. Mama akautazama mtaro, akafumba macho, akamkumbatia kijana kwa mikono yote miwili. Usukani ukatulia, mwendo ukapungua, nao wakasimama salama kando ya barabara.

Kwa mtikisiko kama huo, mafundi hulaumu magurudumu yenye upepo mdogo na beringi za usukani zilizolegea. Mimi ningeongeza heshima ya abiria.

Tuliposimama kuwajulia hali, mama alikuwa akijifunga leso upya. Akanikazia macho.

"Wewe umeona nini?"

"Nimeona pikipiki ikitulia, mama."

"Vizuri. Umwambie hivyo hivyo mzee wangu, yule anayepanda mlima."