Daraja Lililokwisha Kwenye Raporo

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya, kwanza na nafsi yangu, halafu na ofisi zote nilizowahi kuingia. Umeniambia umepata kazi komini, ofisi ya tarafa, kwamba utakuwa unaandika raporo, yaani ripoti, za barabara na mifereji. Hongera, nimefurahi sana. Lakini kaa kidogo, umalize chai yako, maana na mimi niliwahi kuandika raporo, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko akili yangu.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa zoni moja upande wa mashambani, ukipita Kinama, mahali ambapo mji wa Bujumbura unakwisha na mihogo inaanza. Nilitembea kwa miguu kila asubuhi na viatu vyangu vilivyopakwa rangi, nikikwepa matope kama paka. Zoni ilikuwa ofisi ndogo ya vyumba viwili chini ya komini. Kazi yetu ilikwenda hivi: sisi tunapeleka ombi, komini inatoa mbao au simenti kutoka depo, ghala lake, wananchi wanafanya kazi Jumamosi, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake, kisha mimi naandika raporo.

Kwenye ile raporo kulikuwa na maneno matatu ya kuchagua: haijaanza, inaendelea, imekwisha. Na kila karani alijua kwamba zoni yenye kazi ambayo haijakwisha haipewi kitu kipya. Basi kazi za watu wote zilikuwa zimekwisha, kila miezi mitatu, bila kukosa. Ungesoma zile karatasi ungedhani tunaishi peponi, na huku nje watu wanavua viatu ili wavuke barabara.

Sisi tulikuwa na kazi moja kubwa, daraja la miguu juu ya korongo. Usilidharau kwa kuwa lilikuwa dogo. Ng'ambo ya korongo walikaa watu wengi, na zahanati ilikuwa upande wetu. Bila daraja, wakati wa mvua, ilibidi wazunguke mpaka barabara kubwa, mwendo wa karibu siku nzima kwa mgonjwa wa kubebwa, na kwenye barabara kubwa kulikuwa na kizuizi cha askari kilichofungwa kila siku kabla ya jioni. Kikishafungwa hupiti, uwe mgonjwa, uwe nani. Kwa hiyo daraja lile lilikuwa uhai wa watu.

Mawe ya nguzo aliyapanga Mzee Ramadhani, fundi wa Kiislamu aliyezaliwa mjini na kuhamia kwetu nyumba yake ya mjini ilipoungua. Aliyapanga bure, Jumamosi nne, kwa mkono wake, kwa sababu binti yake Mwajuma aliolewa ng'ambo na alikuwa mjamzito. Nguzo zikasimama, nzuri, zimenyooka. Zilibaki mbao tu, na mbao zilikuwa tayari depo ya komini, zimeandikwa jina letu.

Ndipo nikafika mimi na ujanja wangu. Shefu wa zoni, mkuu wangu, mtu mwoga lakini si mbaya, aliniambia niandike "inaendelea". Nikamwambia, "Shefu, tukiandika hivyo tutakosa mabati ya zahanati. Tuandike imekwisha. Jumamosi ijayo tunaweka mbao, nani atajua?" Alikuna kichwa, akasaini. Nikapiga muhuri mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, nami nilidhani ufupi wake ndio faida yake.

Jumamosi ile bunduki zililia milimani tangu alfajiri na hakuna aliyetoka nyumbani. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu tukaenda komini kuchukua mbao, tukakuta hazipo. Zoni nyingine imepewa. Mtu wa depo alifungua faili, akaniwekea kidole juu ya mwandiko wangu ule mzuri.

"Daraja yenu iko," akasema. "Si we mwenyewe uliandika?"

"Iko kwa karatasi tu, kaka."

"Basi leta karatasi ingine ya kusema hii karatasi ni ya bongo, ya uwongo. Shefu wako asaini."

Nikarudi kwa shefu. Shefu akaniuliza kama nimerukwa na akili. Asaini kwamba alidanganya? Wakati huu wa vita, mtu akiitwa mwongo ofisini asubuhi, mchana si anaitwa msaliti? Akaniambia ningoje, komini itatoa mbao nyingine muhula ujao. Nikaenda komini, nikarudi zoni, nikaenda komini, wiki tatu nzima, mwanangu, na mvua ilikuwa imeanza. Wananchi wakaniuliza mbao ziko wapi, nikawaambia ziko njiani. Walinisadiki, na kwa kuwa walinisadiki hawakutafuta njia nyingine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uwongo wenyewe. Mtu asiyetegemea serikali huikata miti yake mapema.

Asubuhi moja Mzee Ramadhani aliingia ofisini, kanzu imelowa mpaka magotini. Hakukaa.

"We kijana," akasema, "minasikia kule komini wanasema daraja yetu imekwisha. Ni we uliandika?"

"Ndiyo, muzee."

"Basi twende. Tukapite."

Nilidhani anatania. Akanishika mkono, akanitoa nje mbele ya shefu na watu waliokuja kutafuta vitambulisho, tukaenda mpaka korongoni. Maji yalikuwa mengi, mekundu, yanabeba migomba. Watu walisimama pande mbili wakitazamana. Mzee akanionyesha kwa kidole zile nguzo mbili zisizo na kitu katikati.

"Pita," akasema.

"Muzee, nitapita wapi?"

"Apana, usiniulize mi. Mi niko mutu wa mawe, sijui kusoma. We ndiye umesoma, umeona daraja hapa. Raporo yako ilipita. Mutoto wangu atapita wapi? Uchungu umemushika tangu usiku."

Nilitazama viatu vyangu kama mtoto aliyevunja chungu, na hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa kwa kalamu, tena kwa muhuri.

Mzee hakupoteza muda kunipiga wala kunitukana. Aliwaambia vijana wakate mikaratusi miwili mirefu, wakailaza juu ya nguzo zake. Lakini juu ya magogo mawili yanayoteleza huwezi kupitisha ingobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa mabegani. Zilihitajika mbao pana. Mzee akaenda nyumbani kwake, akang'oa mlango wa mbele, akang'oa na wa nyuma, akaileta yote miwili kichwani. Mkwewe naye aling'oa wa kwake ng'ambo ya pili. Ikakosekana milango miwili. Watu wakanitazama mimi. Nilikuwa napanga chumba, nikakimbia kwa mwenye nyumba, akakataa kabisa, akaniuliza nani hulala bila mlango wakati kama huu. Na nikuambie kweli, mwanangu, maana uzee bila ukweli hauna kazi: alipokataa, nilishukuru moyoni. Milango iliyobaki ilitolewa na wajane wawili.

Mwajuma alivushwa kabla ya saa sita. Alijifungua zahanati, mtoto wa kike, wazima wote wawili. Na komini? Usicheke. Komini iliandika barua ya kuisifu zoni yetu kwa kumaliza daraja kabla ya wakati. Shefu aliibandika ukutani. Akaniambia, "Unaona? Sasa imekuwa kweli." Nilitamani kuila ile barua.

Mbao niliziomba kila wiki ili wenye milango warudishiwe milango yao. Jibu lilikuwa lilelile, kwamba daraja limekwisha, mbao za nini tena? Mzee alitundika shuka mlangoni. Hazikupita wiki tano, watu wenye bunduki wakaingia kwake, hatukujua ni wa upande gani, na hapakuwa na cha kuwachelewesha hata kidogo. Walichukua vyombo vyake vya ufundi na magunia yake ya maharagwe. Alipoomba wamwachie hata mwiko wake wa kujengea, walimpiga kitako cha bunduki kwenye mkono wa kulia, ukavunjika vibaya. Hakupanga jiwe tena mpaka anakufa.

Nilikwenda kumwona, nimebeba sukari, nimebeba na maneno ya toba niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Alinitangulia. Alininyooshea mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, akasema, "Unisamehe, mwanangu. Si dharau kukusalimia hivi. Ule mwingine haunyanyuki." Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha. Niliweka sukari chini, nikaaga, na toba yangu nimeitoa leo, kwako, miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Basi sikia. Usiandike imekwisha mpaka umepita juu yake kwa miguu yako, tena wakati wa mvua. Shefu akikuambia kila mtu huandika hivyo, mwambie wanaoandika hivyo si wao wanaovuka pale. Ukikosea, rudi siku ileile ukaseme nimekosea, aibu ikiwa bado changa, maana ikikomaa wenzako ndio watakaoibeba. Na watu wakikuuliza mbao ziko wapi, na hujui, waambie hujui, wakate miti yao.

Mungu akulinde na muhuri utakaopewa. Akupe macho ya kuona kabla ya mkono kuandika, na kila mlango wa watu utakaowatumikia ubaki mahali pake. Amina. Nenda salama, mwanangu, usichelewe kazini.