Kokushubira, mwanamke anayelipwa kutazama

Saa mbili na nusu asubuhi. Chupa zinagongana kwenye makarai, mvuke umejaa chumba, na kila mtu kiwandani ana kazi mikononi isipokuwa Kokushubira Egbert. Amesimama ndani ya duara la chaki lililochorwa sakafuni, daftari kwapani. Haoshi, hajazi, habebi kreti. Anatazama.

Atasimama hapo saa nzima. Hakuna anayemsemesha. Akigeuka kidogo, sauti inatoka kwenye meza ya vizibo: "Kamera imegeuka." Wenzake wanacheka. Yeye anaandika.

Kokushubira (43), mzaliwa wa Nyakakika, aliosha chupa kwa miaka saba katika kiwanda hiki kidogo cha mvinyo wa ndizi mjini Kayanga. Mwaka jana meneja wake, Gaudiosus Rwezaura, alirudi kutoka mafunzoni na wazo jipya: mtu mmoja asimame aangalie kazi inavyokwenda, ili kasoro ionekane palepale inapotokea.

"Nilimchagua kwa sababu kazi anaijua kwa mikono yake," anasema Gaudiosus. "Mimi ofisini naona ripoti tu."

Wakati huo chupa kama thelathini zilikuwa zikipasuka kila siku. Lawama zilimwangukia Adelgunda, muoshaji kutoka Nyakatuntu, ambaye Kokushubira alipanga naye chumba kimoja. Walisema ana mkono mzito.

Kokushubira alitazama siku nne. Hakuna hata chupa moja iliyopasukia mikononi mwa Adelgunda. Zilipasuka mbele, wakati wa kujazwa: zilisuuzwa kwa maji baridi ya asubuhi, kisha zikamiminiwa mvinyo wa moto. Walipoanza kusuuza kwa maji ya uvuguvugu, zikawa zinapasuka mbili, tatu kwa siku.

"Jioni ile Adelgunda aliniambia, 'Koku, umenivua aibu.' Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta."

Mwezi uliofuata aliandika jambo jingine. Makarai yalikuwa karibu na mlango wa nyuma, na wanawake watatu wa kuosha walishinda wakibeba kreti hatua arobaini hadi kwenye mashine ya kujazia. Makarai yakisogezwa, aliandika, mmoja anatosha.

Yalisogezwa. Msimu ulipokwisha, wawili hawakuitwa tena. Mmoja wao alikuwa Adelgunda.

"Sikuandika jina lake," anasema Kokushubira, akitazama chini. "Lakini mkono ulioandika ni huu."

Adelgunda alifunga godoro lake, akarudi kwao.

Tangu siku hiyo Kokushubira anakula mchana peke yake nyuma ya stoo. Akiwakaribia wenzake, mazungumzo yanabadilika. Nyongeza ya shilingi elfu thelathini kwa mwezi aliyopewa inaishia kwenye kodi ya chumba ambayo zamani walichangia wawili.

"Bado namenya ndizi za watu wawili," anasema. "Nakumbuka kwamba niko peke yangu zikishaiva."

Alimwomba meneja amrudishe kwenye kuosha chupa. Alikataliwa. Basi akaanza kutazama mahali ambapo hakuna aliyemtuma: meza ya lebo. Kwa wiki tatu alihesabu. Kila jioni chupa karibu mia nne zilibaki bila lebo, na gari la mzigo la Bukoba liliondoka likiwa na nafasi tupu. Akaandika kwamba meza ile inahitaji mtu wa pili. Safari hii akaweka na jina.

Gaudiosus anakiri kwamba ukurasa ule ulimnyima raha. "Nilifurahia zile hatua arobaini, nikasahau kuna watu," anasema. Amekubali nafasi moja, kuanzia mwezi ujao.

Adelgunda hajui. Simu za Kokushubira hapokei. Kwa hiyo Jumamosi hii atapanda gari kwenda Nyakatuntu, kijiji alichokuwa akikisikia tu katika hadithi za rafiki yake.

"Nitamwamkia mama yake kwanza, kisha nitamweleza yeye mwenyewe," anasema. "Akikataa kazi, ni haki yake. Akikataa hata kunisikiliza, nitaomba jembe nipalilie naye migomba mpaka jioni. Labda atasema neno, labda hatasema. Lakini atakuwa ameniona nimekuja."