Sauti ya Kipindi cha Saba

Wenzake kazini walimwita Mama Filamu, kwa sababu kwa miaka ishirini alikuwa akisafisha filamu kuukuu kwa pamba na subira. Walipoanza kuzitengeneza upya katuni za zamani za bata fundi baiskeli ili zitolewe kwenye diski, aligundua kuwa picha za kipindi cha saba zilikuwa nzima, ila sauti ilikuwa imeliwa na ukungu.

Akamkumbuka dada yake. Utotoni walikuwa wakiweka redio kaseti mbele ya televisheni ili wanase nyimbo za bata. Akampigia simu.

"Kaseti ninazo," dada akamjibu. "Mimi situpi kitu, hata shemeji yako amechoka kulalamika."

Jumamosi wakaketi sebuleni kwa dada, wakabonyeza kitufe. Bata akaanza kuimba. Mara sauti ya mama yao, aliyefariki miaka kumi na miwili nyuma, ikafoka: "Punguzeni hiyo televisheni, baba yenu kalala!"

Dada, mwenye wajukuu watatu, akanyoosha mkono upesi akapunguza sauti. Wakatazamana, wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Sasa utamfuta mama?" dada akauliza.

"Kazi ni kazi, dada. Watoto wa watu wagombezwe na mama yetu kwa kosa gani?"

Alimfuta kwa kompyuta, lakini kazi ya siku moja ilimchukua siku nne. Diski zilipotoka, alimpelekea dada yake mbili: moja ya dukani, na nyingine aliyoitengeneza mwenyewe, mama yumo. Ile ya dukani haijafunguliwa mpaka leo.